Namba na majina katika jedwali moja: mwongozo kamili wa kuchagua mbinu ya kuainisha

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na sura yake haibadiliki. Mtu ana jedwali lenye namba upande mmoja na majina upande mwingine. Anataka modeli itakayosema kila mstari ni wa kundi gani. Amesikia kwamba kompyuta haielewi maneno, basi kageuza kila neno kuwa namba na kumimina yote kwenye mbinu inayosifiwa. Majibu yanatoka mabaya, au yanatoka mazuri kupita kiasi halafu yanaporomoka siku data mpya inapoingia.

Mara nyingi mbinu yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba kompyuta imedanganywa kuhusu maana ya safuwima. Kila mbinu ina namna yake ya kuisoma safuwima, na ukishajua inasomaje, kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi.

Nitatumia data moja mwanzo hadi mwisho: ile ya vituo vya kuchotea maji Tanzania, iliyotoka kwa jukwaa liitwalo Taarifa na Wizara ya Maji, ikawekwa wazi kupitia shindano la DrivenData, tovuti ya mashindano ya data. Ina mistari 59,400, mingi iliyokusanywa kati ya 2011 na 2013. Kila kituo kimepewa hali moja kati ya tatu: vinavyofanya kazi ni 32,259, visivyofanya kazi ni 22,824, na vinavyofanya kazi lakini vinahitaji matengenezo ni 4,317. Nimeichagua kwa sababu imejaa kila mtego ninaotaka kukuonyesha, na kwa sababu nyuma ya kila mstari kuna watu wanaosubiri na ndoo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali lako, pamoja na maelezo ya maana ya kila safuwima. Bila maelezo hayo, usianze.
- R au Python. Kompyuta ya kawaida inatosha kwa data ya ukubwa huu.
- Daftari au karatasi. Hatua tatu za mwanzo hazihitaji programu yoyote ya kufundisha modeli.
- Mtu mmoja anayeijua kazi yenyewe. Kwa data hii ni fundi wa maji au mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Kwa data ya hospitali ni muuguzi.

## Hatua ya 1: Andika jibu litatumiwa na nani, na lini

Andika sentensi moja tu. Kwa mfano: "Mhandisi wa wilaya anataka orodha ya vituo vya kutembelewa mwezi ujao, kabla hajatuma fundi."

Maneno "kabla hajatuma fundi" yanabeba kazi kubwa. Yanakuambia ni safuwima zipi zitakuwepo siku ya kutabiri na zipi hazitakuwepo. Tutayarudia katika hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Gawa safuwima kwa maana yake

Chukua karatasi, chora mafungu manne, na uingize kila safuwima katika fungu lake.

Vipimo. Namba ambayo tofauti yake ina maana: mwinuko kwa mita, idadi ya watu, umri wa kituo.

Kategoria zenye mpangilio. Chini, kati, juu. Unajua kipi kinafuata kipi, ila hujui umbali kati yao.

Kategoria zisizo na mpangilio. Bonde la maji, aina ya pampu, chanzo cha maji.

Majina mengi mno. Kata, aliyejenga, jina la kituo. Hizi nazo ni kategoria, lakini zina thamani mamia au maelfu, na dawa yake ni tofauti.

Wengi huteleza kwenye namba zinazovaa nguo za kipimo. Angalia safuwima ya namba ya mkoa. Dodoma ni 1, Kilimanjaro ni 3, Singida ni 13, Manyara ni 21. Ukiiacha kama namba, umeiambia modeli kwamba Dodoma na Singida zimeachana kwa hatua 12, na Kilimanjaro na Manyara kwa hatua 18, ilhali katika kila jozi hizo mikoa inapakana. Hiyo ni namba ya utambulisho, kama namba ya jezi. Hailinganishwi wala haitafutiwi wastani.

Mtego wa pili unatunasa zaidi sisi tunaotumia shilingi. Ipo safuwima ambayo jina lake linaishia na herufi tsh. Nimeona watu wakiigeuza kuwa dola, wengine wakiita bei ya maji. Maelezo ya data yanasema ni kimo cha maji tuli, yaani kiasi cha maji kinachopatikana kituoni. Ndiyo maana nikasema usianze bila maelezo.

Ukiweza kumweleza mtu mwingine kwa nini kila safuwima iko katika fungu lake, bila kufungua kompyuta, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 3: Tafuta sifuri za uongo

Piga wastani wa mwaka wa ujenzi kwenye data hii kama ilivyo. Utapata takriban 1300. Ukiamini hesabu hiyo, utadhani pampu hizi zilifungwa enzi za masultani wa Kilwa.

Kilichotokea ni kwamba zaidi ya mistari 20,000 ina 0 mahali pa mwaka, maana yake mwaka haujulikani. Idadi ya watu nayo ni 0 katika zaidi ya mistari 21,000. Longitudo ni 0 katika mistari 1,812, na Tanzania haifiki longitudo hiyo popote.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Badilisha sifuri isiyowezekana iwe "haijulikani".
2. Ongeza safuwima mpya ya ndiyo na hapana: je, thamani ilikuwepo? Usiipuuze. Mahali ambapo hakuna aliyeandika mwaka huenda ndipo ambapo hakuna anayefuatilia kituo.
3. Tengeneza umri: mwaka wa kukagua toa mwaka wa ujenzi. Mistari michache itatoa umri hasi. Nayo iweke "haijulikani".
4. Kwa mbinu zisizovumilia mapengo, jaza kwa thamani ya kati ya mkoa au wilaya, ukiipiga kwenye data ya kufundishia peke yake (utaitenga katika hatua ya 5, kwa hiyo rudi hapa baada yake).

Tahadhari: si kila sifuri ni ya uongo. Kituo kilicho chini karibu na usawa wa bahari huko Pwani kinaweza kuwa na mwinuko 0 halali. Tazama mstari wenyewe kabla ya kufuta.

## Hatua ya 4: Ondoa mapacha na wavujishaji

Safuwima ya wingi wa maji inajirudia mara mbili kwa majina tofauti, thamani zilezile mstari kwa mstari. Ya malipo nayo inajirudia, kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo tu. Ya aliyerekodi ina thamani moja tu katika mistari yote. Mapacha haya si uchafu wa macho tu. Hebu tuone yanavyoumiza.

Kati ya vituo visivyofanya kazi, 6,052 vimeandikwa vikavu. Kati ya vinavyofanya kazi, vikavu ni 157. Gawanya kila kimoja kwa jumla ya kundi lake, kisha linganisha: ukavu una uzito wa mara 54 hivi kuelekea "hakifanyi kazi". Mbinu ya Bayes sahili huzidisha ushahidi wa safuwima zote kana kwamba kila moja ni shahidi anayejitegemea. Ukiacha pacha ndani, shahidi yuleyule anasikilizwa mara mbili, na 54 inakuwa karibu 3,000. Modeli inajiamini kupita kiasi, kwa sababu ya safuwima iliyonakiliwa tu.

Sasa rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1. Je, mhandisi atajua kwamba kituo ni kikavu kabla hajatuma mtu kukitazama? Kama aliyeandika "kikavu" ndiye aliyeandika "hakifanyi kazi", siku hiyohiyo, basi safuwima hiyo inavujisha jibu. Ukiiacha, alama (asilimia ya majibu sahihi) zitapanda na matumizi yatashuka. Kama jumuiya ya watumia maji hutuma taarifa za wingi wa maji kwa simu kila mwezi, ibakize. Hakuna kanuni ya hesabu itakayokuamulia hili. Muulize yule mtu anayeijua kazi.

## Hatua ya 5: Tenga data ya majaribio sasa hivi

Usingoje hadi uchague mbinu. Na usigawe kwa kuchanganya mistari tu.

Vituo vya kijiji kimoja vinafanana: mradi mmoja, fundi mmoja, bomba moja linalotokea chanzo kimoja. Ukichanganya mistari, kituo cha upande huu wa barabara kinaingia kwenye mafunzo na jirani yake anaingia kwenye majaribio. Modeli inakariri kijiji na wewe unadhani imeelewa maji. Gawa kwa kata au wilaya, ili kata nzima iwe upande mmoja.

Alama zako zitashuka kidogo kuliko ukichanganya. Zikishuka, furahi: hizo ndizo utakazozipata kwenye wilaya ambayo modeli haijawahi kuiona.

Andika pia alama ya mtu asiyefikiri, anayejibu "kinafanya kazi" kwa kila kituo. Hapa ni asilimia 54.3. Modeli isiyopita hapo haina kazi.

## Hatua ya 6: Chagua mbinu kwa jinsi inavyosoma safuwima

Hapa ndipo penye nyama. Nitazipanga kwa mpangilio ninaozijaribu mwenyewe.

### Regresheni ya lojistiki: anza hapa

Hupa kila safuwima kizidishi chake, hujumlisha, kisha hugeuza jumla kuwa uwezekano wa kila kundi. Haidai mgawanyo wowote kwa safuwima zako. Inaweza kupewa mwinuko na aina ya pampu kwa pamoja bila kulalamika, mradi kila kategoria imegawanywa katika safuwima ndogo za 0 na 1, na moja ikaachwa kama msingi wa kulinganisha. Mabonde 9 yanakuwa safuwima 8.

Inakuambia pia sababu kwa lugha ambayo mhandisi anaielewa: ukishikilia mengine yote, pampu ya mkono dhidi ya mserereko (maji yanayoteremka yenyewe) inabadilisha uwezekano kwa kiasi gani.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, inachukulia kwamba athari ya kipimo inakwenda kwa mstari ulionyooka; umri wa kituo hauendi hivyo, kwa hiyo ugawe katika vipindi au utumie mkunjo. Pili, kategoria yenye vituo vinne vyote vilivyokufa itasukuma kizidishi kwenda mbali bila kikomo. Weka adhabu ya kupunguza vizidishi, ile iitwayo riji (ridge), na usawazishe vipimo kwanza ili adhabu iwe ya haki. Tatu, haitambui kwamba mambo mawili yanategemeana hadi wewe mwenyewe umeiambia.

### Diskriminanti ya mstari: hapa, hapana

Mbinu hii hutenganisha makundi kwa mstari ulionyooka, kwa kutumia wastani na mtawanyiko wa kila kundi. Bado inafundishwa kama chaguo la kwanza, nayo inafaa pale ambapo safuwima zote ni vipimo vinavyokaribia umbo la kengele na mtawanyiko wa makundi unafanana. Safuwima ya 0 na 1 haina umbo la kengele. Ukiwa nayo moja au mbili haitaharibu sana. Ukiwa nazo thelathini, huna sababu ya kuiacha lojistiki.

Wanatakwimu walitengeneza jibu maalumu kwa data mchanganyiko, modeli ya mahali, iliyoanzia kwa Olkin na Tate mwaka 1961 na kuendelezwa na Krzanowski katika miaka ya 1970. Kila mchanganyiko wa kategoria unakuwa chumba, na ndani ya kila chumba vipimo vinapewa wastani wake. Wazo ni zuri na ni aminifu kwa data. Ila hesabu vyumba: aina 7 za pampu, viwango 5 vya wingi wa maji, aina 6 za ubora, mabonde 9. Vinatoka vyumba 1,890, wastani wa vituo 31 kwa chumba kabla hujagawa katika hali tatu, na vyumba vingi vitabaki vitupu. Itumie ukiwa na kategoria mbili au tatu ndogo.

### Bayes sahili: haraka, kwa data ndogo

Kila safuwima inasomwa kwa lugha yake: kipimo kwa mgawanyo wa kengele, kategoria kwa kuhesabu mara ngapi imetokea. Kwa hiyo inapokea mchanganyiko bila kuugeuza. Kwenye R kifurushi cha e1071 kinafanya hivyo moja kwa moja. Kwenye scikit-learn, maktaba ya Python, lazima uendeshe mbili tofauti na kuunganisha uwezekano wake.

Itumie ukiwa na mistari mamia, au ukitaka jibu la haraka la kulinganishia. Uamini mpangilio wake kuliko asilimia zake, kwa sababu uliyoiona kwenye hatua ya 4.

### Majirani wa karibu: kwa umbali wa Gower tu

Mbinu hii hutafuta mistari iliyo karibu zaidi na wako na kuazima jibu lake. Kosa ninaloliona zaidi liko hapa. Umbali wa kawaida unataka namba, na mita 286 za mwinuko zitafunika miaka 10 ya umri na tofauti yoyote ya pampu.

Gower mwaka 1971 alitoa dawa. Kwa kipimo, chukua tofauti ugawe kwa upana wote wa safuwima. Kwa kategoria, andika 0 zikifanana na 1 zikitofautiana. Kisha piga wastani. Tuseme kituo cha kwanza kiko mita 1,200, kilijengwa 1995, kina pampu ya mkono na maji yanatosha. Cha pili kiko mita 1,486, kilijengwa 2005, kina pampu ya mkono na maji hayatoshi.

- Mwinuko: 286 kwa 2,860, sawa na 0.10
- Mwaka: 10 kwa 53, sawa na 0.19
- Pampu: 0
- Wingi wa maji: 1
- Umbali: 1.29 kwa 4, sawa na 0.32

Umeona kitu? Tofauti moja ya kategoria imebeba zaidi ya robo tatu ya umbali wote. Kategoria hupiga 1 kamili kila zinapotofautiana, vipimo hukaribia 1 mara chache sana. Kama hutaki hivyo, punguza uzito wa kategoria.

Kwa mistari 59,400 zipo jozi karibu bilioni 1.76. Kwa data hii, iache. Kwa wagonjwa 400 wa kliniki, ni mbinu nzuri mno.

### Miti na misitu: farasi wa kazi

Mti wa maamuzi haujali ukubwa wa namba. Unauliza tu: mwinuko uko chini ya 900? Pampu ni ya mkono? Hausumbuliwi na vipimo vilivyopinda, na unaona wenyewe kwamba umri una maana tofauti kwa pampu ya injini na kwa mserereko. Msitu ni miti mingi ya namna hiyo inayopiga kura.

Lakini usidhani kila programu inazisoma kategoria kama kategoria. Kifurushi cha randomForest cha R kinazisoma kweli, na kinagoma ukizidisha thamani 53 katika safuwima moja. Msitu wa scikit-learn unasoma kila kitu kama namba yenye mpangilio. Ukiupa namba za mikoa, utakata "chini ya 12" na kuchanganya mikoa isiyohusiana. Hauanguki vibaya kama lojistiki ingeanguka, maana unaweza kukata tena na tena, ila unapoteza nguvu. Upe safuwima za 0 na 1.

Halafu kuna miti inayofundishwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukirekebisha makosa ya uliotangulia. Programu zake mbili, LightGBM na CatBoost, zinapokea kategoria moja kwa moja, ukizitaja. Usipozitaja, zitasoma namba zako kama vipimo, na hutapata onyo lolote.

Kwa data hii misitu na miti ya aina hiyo hufika karibu asilimia 80 hadi 82 ukigawa kwa kuchanganya mistari. Ukiona 95, rudi hatua ya 4, kuna kinachovuja.

Onyo la mwisho kuhusu miti: orodha ya safuwima muhimu inayotolewa na msitu huzipendelea zenye thamani nyingi. Kata ikitokea juu, usikimbilie kuandika ripoti kuhusu kata. Vuruga mpangilio wa thamani za safuwima hiyo kwenye data ya majaribio uone alama zinashuka kiasi gani.

## Hatua ya 7: Majina mengi mno

Aliyejenga kituo ana majina zaidi ya 2,000, na mengi ni mtu yuleyule. Utakuta DANIDA na Danid, Government na Gover, na wengine wameandikwa 0. Kaa nayo jioni moja uunganishe kwa mkono majina mia ya mwanzo. Hakuna mbinu itakayokufanyia kazi hiyo kwa uaminifu, na mara nyingi inaongeza alama kuliko kubadilisha mbinu.

Kisha weka yasiyofika vituo 50 katika fungu la "wengineyo". Yaliyobaki, kama bado ni mengi, badilisha kila jina kwa sehemu ya vituo vyake vilivyokufa. Sehemu hiyo lazima itoke kwenye data ya kufundishia tu, na hata humo, mstari usitumie jibu lake wenyewe. Mjenzi mwenye kituo kimoja atapewa 0 au 1, ambayo ndiyo jibu lenyewe limevaa koti. CatBoost ina njia yake ya kulikwepa hili. Ukifanya kwa mkono, fanya kwa mafungu: gawa data ya kufundishia, na kila fungu lipate sehemu iliyopigwa kwenye mafungu mengine.

Jina la kituo, lenye thamani zaidi ya 37,000, litupe.

## Hatua ya 8: Pima kwa gharama ya kukosea

Asilimia ya jumla inaficha kundi dogo. Vituo vinavyohitaji matengenezo ni asilimia 7.3 tu. Modeli inaweza kuvikosa vyote na bado ikajivunia. Si ajabu kabisa modeli yenye 80 kwa jumla ikashika chini ya nusu ya vituo hivyo, navyo ndivyo fundi angeviokoa kwa gharama ndogo kabla havijafa.

Chora jedwali la tatu kwa tatu: hali halisi upande mmoja, jibu la modeli upande mwingine. Soma mstari wa "vinahitaji matengenezo" kwanza. Kisha kaa na mhandisi mjibizane: safari ya bure ya fundi ni hasara kiasi gani, na kituo kilichoachwa kikafa ni hasara kiasi gani? Akisema cha pili ni mara tano, lipe kundi hilo uzito wa tano wakati wa kufundisha, au shusha kiwango cha uwezekano kinachotosha kuitwa "hitaji matengenezo". Fundisha upya lojistiki na msitu, weka majedwali mawili kando kwa kando.

Msitu ukizidi kwa alama moja tu na mhandisi anahitaji kueleza halmashauri kwa nini kata fulani imetangulia, mpe lojistiki. Ukizidi kwa kumi katika mstari ule mdogo, mpe msitu, pamoja na orodha ya vituo 20 vya kwanza ili fundi aende nayo vituoni, aandike kando ya kila kimoja alichokikuta.